Mwongozo wa Mshauri wa Shule Asiyetaka Kuwa Redio ya Mtaa

Anza na mlango. Kabla ya nadharia za saikolojia, na kabla ya bango la "Karibu Tuongee" lenye maua pembeni, hakikisha una chumba ambacho watu hubisha kabla ya kuingia. Shule nyingi za mtaa wa Tassia, Embakasi, zimejibana katikati ya maghorofa, nyingine zimo ndani ya maghorofa yenyewe, na nafasi ikikosekana chumba cha kwanza kunyang'anywa ni cha ushauri nasaha. Utapewa stoo. Humo mna ngoma za kwaya, wavu wa voliboli, magunia mawili ya maharagwe ya chakula cha mchana, na mashine ya fotokopi ambayo shule nzima huihitaji dakika ileile mtoto anapoifikia sentensi aliyokuwa akiizunguka kwa nusu saa. Mlango unafunguka, kichwa cha mwalimu wa Hisabati kinachungulia. "Samahani, ni karatasi mbili tu." Mtoto anafunga mdomo. Wiki ijayo ukimwita atakwambia yuko sawa, mwalimu, hakuna shida.

Kwa hiyo vita vyako vya kwanza ni vya fotokopi. Vipigane kwa adabu, kwa barua, na katika mkutano wa walimu, mpaka ihamie kwa mhasibu. Mlango ufungike, lakini usitiwe komeo mkiwa ndani, na uwe na kipande cha kioo ili anayepita awaone bila kuwasikia. Hiyo inamlinda mtoto na inakulinda wewe pia. Usipopata chumba kabisa, benchi pembeni mwa uwanja linatosha, mradi uso wa mtoto usielekee madirisha ya darasa lake. Machozi yakionwa na wanafunzi arobaini saa tano, saa sita yamefika geti, na jioni yako kwa mama wa chapati.

Kisha ondoa fimbo. Ofisi ya ushauri yenye fimbo nyuma ya mlango ni kituo cha polisi kilichotandikwa zulia, na mtoto huijua kwa kuitazama mara moja. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikaweka na adhabu: faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hata hivyo kila mtu mtaani anajua fimbo bado ziko wapi. Wewe usishike, na usikubali kukaa kwenye kamati ya nidhamu inayoamua nani afukuzwe wiki mbili. Mtoto uliyemhukumu saa nne hawezi kukufungulia moyo saa kumi. Mwombe pia naibu wa mwalimu mkuu aache kutangaza kwenye gwaride kwamba "wafuatao wakamwone mshauri." Jina likisomwa hivyo, ushauri umegeuka adhabu, na wale waliokuwa wanajipa moyo waje kwa hiari yao wamejificha nyuma ya wenzao.

Ni vizuri pia ujue kwa nini ulichaguliwa. Huenda ulichaguliwa kwa kuwa unafundisha Dini, au una sauti ya upole, au hukuwapo mkutanoni siku majukumu yalipogawanywa. Hakuna aibu katika hilo, mwalimu, lakini upole si mafunzo. Tangu 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hiyo. Ukiwa mwalimu mwenye kozi ya wiki moja, sema hivyo. Kusikiliza unaweza, kumsindikiza mtoto unaweza, na kugundua kwamba jambo limekuzidi ndilo litakalookoa watoto wengi zaidi. Mtoto aliyeacha kula na kulala, au anayesikia sauti, au anayeamka usiku akipiga mayowe tangu baba alipoondoka, anahitaji mtu aliyesomea. Usimgeuze kitabu chako cha mazoezi.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, ambalo vitabu vilivyoandikwa mbali na Embakasi havilioni. Vitabu vinasema mshauri asichanganye uhusiano wa kazi na mwingine wowote. Tassia haikuachi. Unaishi ploti moja na wanafunzi watatu. Mnachota maji bomba moja siku yanapokuja, nguo zenu zinakauka kwenye paa moja. Mama wa mmoja anakuuzia sukuma wiki, baba wa mwingine ndiye kondakta wa matatu unayopanda, na mwenye chama chako ni shangazi wa yule msichana aliyelia ofisini Jumanne. Ukitaka kukwepa kila mtu anayehusiana na wanafunzi wako, itabidi uhamie Kitengela na ununue nyanya huko.

Usihame. Jifunze kusimama kibandani. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Mwalimu, habari ya jioni? Nasikia Brayo wangu ameshinda kwako leo."

"Nzuri, Mama Brayo. Hapa nimefuata nyanya. Kesho saa kumi niko shule, njoo tuketi."

Basi. Usitabasamu kwa namna inayosema kitu. Usiseme "si jambo kubwa," maana tayari umethibitisha kwamba jambo lipo. Usishushe sauti, maana Tassia mtu akishusha sauti wote wanaosubiri kupimiwa unga husogea. Na kesho akija, mpokee vizuri. Mzazi si adui wa siri, ana haki ya kujua mtoto wake anavyoendelea, na mara nyingi ndiye atakayebeba sehemu nzito ya kazi. Lakini kabla hajafika, muulize Brayo ni nini angependa mama yake ajue, nani aseme, na kama angependa awepo mkiongea. Watoto wengi hawakatai mzazi kujua. Wanakataa kujulikana kwa njia ya jirani.

Ukikutana na mtoto mwenyewe kwenye ngazi, mwache yeye aamue kama mnasalimiana. Mwambie mapema, mkiwa ofisini: "Nikikuona nje, sitakusimamisha. Ukitaka kunisalimia, nisalimie." Atashukuru siku atakapokuwa na marafiki zake kwenye mashine za michezo na wewe unapita na mkoba wako.

Majilisi ndiyo mahali pagumu kuliko kibanda. Walimu wenzako wanampenda mtoto, wamechoka, chai ipo, na mtu anauliza, "Yule wa Gredi ya 8 ana nini hasa?" Tenganisha anachohitaji kujua ili afundishe na anachotamani kujua ili apate la kusimulia. "Kwa wiki mbili hizi asikae nyuma, na usimdai kazi ya ziada" ni jibu kamili. Na wala usikubali mtego wa kusimulia bila kutaja jina. "Kuna msichana mmoja hapa, baba yake ni mlinzi, wamehamia juzi kutoka Pipeline..." Hapo hujaficha kitu. Kwenye mtaa huu kisa kisicho na jina hupata jina kabla ya sufuria ya chai kupoa. Hivyo hivyo kwa mahubiri ya gwaride na semina za wazazi. Tafuta mifano kwingine.

Tassia ina msiba ambao kila mtu anaujua. Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa, watu wakafa, na majirani wakakesha pembeni ya vifusi. Shule zilikuwa likizoni, lakini likizo huisha. Siku jambo kama hilo likirudi, na katika Embakasi ya maghorofa yanayoota usiku si busara kuliweka mbali sana mawazoni, usiwapange watoto mstari mmoja mmoja waeleze walichoona. Rudisha ratiba ya kawaida haraka iwezekanavyo, waambie ukweli kwa maneno machache, acha mlango wazi kwa anayetaka kuzungumza, na uwaangalie wasiotaka. Kamera za habari zikifika getini, simama wewe hapo getini.

Kuna ahadi moja ambayo hutakiwi kuitoa kamwe: "Sitamwambia mtu yeyote." Inakuja mdomoni yenyewe, hasa mtoto akikuomba kwa macho yale. Imeze. Badala yake, kabla hajasema lolote, na kila mara, mwambie: "Tutakayoongea yanabaki hapa. Lakini nikisikia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kuna mwingine aliye hatarini, itabidi nimwambie mtu wa kutusaidia. Nitakwambia wewe kwanza, na nitakwambia ni nani." Watoto hawaikimbii sentensi hiyo. Wanaipima, wanaondoka, wanarudi baada ya siku kadhaa wakiwa wameamua.

Na wakirudi na lile neno, kwamba kuna anayewaumiza, muda umeanza kuhesabiwa. Waraka nambari 3 wa 2010 wa TSC, tume inayosimamia walimu, unamtaka mwalimu aliyeambiwa, au mwenye sababu ya kuamini, kwamba mwanafunzi ametendewa dhuluma ya kingono, aripoti ndani ya saa 24. Usijidanganye kwamba uko shule ya kibinafsi kwa hiyo haikuhusu. Sheria inamtaka kila anayefundisha awe amesajiliwa na TSC. Kazi yako si kupeleleza. Sema "Niambie kilichotokea," nyamaza, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yale ya Sheng usiyoyapenda. Usimrudishe kwenye kisa mara tatu ili naibu naye asikie, kisha mwalimu mkuu, kisha mwenye shule. Kila marudio ni jeraha.

Kama tukio ni la karibuni, hospitali inatangulia. Mama Lucy Kibaki haiko mbali, na Kenyatta wana kitengo cha kushughulikia dhuluma za kijinsia. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asioge. Nguo ziwekwe kwenye karatasi au gazeti, si kwenye plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Matibabu hayasubiri fomu ya P3 ya polisi, mtu asikuzuie mlangoni kwa sababu hiyo. Polisi wana dawati la jinsia, Idara ya Watoto ina maafisa, na nambari 116 ya Childline inapigwa bure, mchana na usiku. Nambari hiyo iandike ukutani, kubwa, mahali mtoto anaweza kuisoma bila mtu kujua anaisoma: karibu na vyoo, kwa mfano.

Halafu watakuja wazee. Watakuja na soda, na kitambaa begani, na maneno mazuri kuhusu heshima ya familia. Mshukiwa ni mjomba, au mwenye ploti, au mwalimu mwenzako mwenye watoto wadogo, na wanaomba jambo limalizwe nyumbani. Wasikilize kwa heshima, kisha uwaambie halimalizwi hapo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kesi ya aina hii haiondolewi na familia wala na kikao cha Nyumba Kumi. Na kama mshukiwa ni mwalimu, kumbuka kesi ya wasichana wawili wa Nakuru waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba lawama haikuishia kwa mwalimu yule: TSC na serikali nao waliwajibika, na wasichana wakaamuliwa fidia ya Sh5 milioni kwa jumla. Uhamisho wa kimyakimya kutoka shule moja kwenda nyingine, ule ambao kila mwalimu amewahi kuusikia ukinong'onwa, ni kumpelekea mtu huyo watoto wapya. Ukikaa kimya, umemsaidia kufunga mizigo.

Kuhusu mtoto anayesema amechoka kuishi. Zamani walimu wengi waliogopa hata kuliandika, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi alikitangaza kuwa kinyume na Katiba. Woga huo uuache. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo, linampa ruhusa ya kulitua. Asiachwe peke yake, hata kwenda chooni. Ita mzazi au mlezi anayemwamini, na mwende hospitalini siku hiyohiyo. Usimtume nyumbani na barua.

Kwenye maandishi, andika kidogo na ufungie. Daftari la ushauri haliachwi juu ya meza chini ya marekodi ya kazi. Tumia nambari badala ya majina, na orodha inayounganisha nambari na majina ikae kwingine, kwenye kabati lenye ufunguo ulio nao wewe. Hili si woga wa bure. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wote wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI pamoja na walezi wao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na maslahi bora ya mtoto, mambo yaliyomo katika vifungu vya 31 na 53 vya Katiba. Ikiwa agizo la Ikulu halikuruhusiwa kuunganisha jina la mtoto na ugonjwa wake kiholela, orodha yako ya "wanaomeza dawa" iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la sodo haina pa kusimama. Itoe leo.

Na simu. Kundi la WhatsApp la wazazi wa Gredi ya 7 si mahali pa kuuliza "mzazi wa mtoto fulani anipigie, ni jambo nyeti." Wazazi themanini wamekwisha kufahamu. Wala usipige picha ya watoto mkiwa kwenye kikao cha ushauri ili shule iiweke kwenye ukurasa wake kuonyesha inajali. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na hizo hata hazikuwa za watoto wanaolia.

Msichana akipata mimba, mahali pake ni shuleni. Sera ya kuwarudisha ipo tangu 1994, na mwongozo wa 2020 umeieleza upya. Wewe ndiye wa kuishika mkononi mwenye shule akisema anaharibu jina. Mpangie siku za kliniki, mtafutie anayeweza kumbebea madaftari, na umkataze yeyote kumpima mwili mbele ya wenzake.

Kuna siku utapata nafuu, nazo ni siku za mikondo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na tangu hapo kila baba wa Tassia ana maoni. Mikondo ni mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Baba atakuja akiwa ameshachagua STEM, kwa sababu binamu ni mhandisi. Mtoto atakaa pembeni yake akichora kwenye kiatu chake, na mchoro utakuwa mzuri sana. Usimchagulie mtoto, usimchagulie baba. Weka mezani alama za mtoto, anachokifanya bila kusukumwa, shule zinazofundisha mkondo huo, na karo yake. Kisha muulize mtoto, jina lake kwanza, na umsubiri. Ukimya wa baba katika dakika hiyo una thamani, na ni kazi yako kuulinda.

Kuhusu sala: darasani kwako kuna Wakatoliki, Waislamu, Waakorino na watoto ambao nyumbani hawaendi popote. Mtoto akikuomba msali naye, sali. Asipoomba, usimwekee mkono kichwani. Kuhusu zawadi: furushi la sukuma kutoka kwa mama mwenye shukrani lipokee na uligawe majilisi hadharani, bahasha irudishe. Na usimwambie mzazi kwamba jambo hili zito kidogo, njoo Jumamosi kwangu tulifanyie kazi kwa Sh1,500. Aliye mwanafunzi wako hawi mteja wako.

Wewe mwenyewe, tafuta mtu wa kukusikiliza, mshauri mwenye uzoefu aliye nje ya shule na, ikiwezekana, nje ya mtaa. Ukibeba visa vya watoto ishirini bila kuvitua, utavitua pasipofaa: kwa mume, kwa mke, kwa chama.

Mwisho, utahamishwa. Uhamisho huja katikati ya muhula, kwa barua fupi. Usiondoke kimya kimya. Mwambie kila mtoto unayemwona kwamba unaondoka, mmoja mmoja, angalau mara moja kabla ya siku yenyewe, na umuulize kama anataka mshauri mpya ajue habari zake au aanze upya. Anayetaka aanze upya, daftari lake liende kwenye bahasha iliyofungwa, isifunguliwe bila ruhusa yake isipokuwa usalama wake ukidai. Walio hatarini sasa hivi, mkabidhi mshauri mpya kwa mdomo, mkiwa watatu, mtoto akiwepo. Halafu mpe ufunguo mkononi, si kwa katibu, na umwonye kuhusu fotokopi: wataijaribu tena kabla ya nusu muhula.